Terere Zilizong'olewa Kawangware

Ndinda alitoka Kitui akamfuata mumewe Muia Kawangware mwaka wa sabini na nane. Muia alikuwa kibarua wa mjengo, wa kubeba mawe na saruji. Kwao Ndinda alikua kwa kunde, maziwa ya mbuzi na maembe ya kuokota. Mjini akajifunza kula kama wapangaji wenzake: asubuhi chai ya strungi isiyo na maziwa, jioni ugali na supu ya mifupa iliyochemshwa hata ikakosa harufu, na kesho vivyo hivyo. Tumbo lilijaa. Hakuna aliyemwambia kwamba tumbo linaweza kushiba na mwili ukabaki na njaa.

Binti yao Kanini alipofika miaka minne, surua ilipita kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga. Ilimwacha hai, lakini tangu hapo kila jua lilipotua alianza kupapasa kuta. Jioni moja alikanyaga sufuria, ugali ukamwagika wote chini. Muia akamzaba kofi.

"Mtoto gani huyu? Macho ni ya nini?"

Ndinda akachuchumaa mbele ya mtoto, pua kwa pua, akamwinulia kijiko. "Kanini, hii ni nini?"

Kanini akanyoosha mkono hewani. "Mama, uko wapi?"

Ploti nzima ilikuwa na la kusema. Huyu alisema amerogwa, yule akasema ni kudeka kwa mtoto anayetaka kubebwa. Ndinda hakuwasikiliza. Kulipokucha alimfunga mtoto mgongoni akaenda zahanati. Nesi, mwanamke aliyeitwa Nanyama, akafungua kope za mtoto, akatazama, akakunja uso.

"Anakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Supu ya mifupa."

"Si uchawi, mama. Amekosa vitamini A. Hata ile kidogo aliyokuwa nayo, surua imeimaliza. Jicho la kulia tutaliokoa. Hili la kushoto lina kidonda kwenye mboni. Litabaki na kovu."

"Nilimleta hapa akiwa na surua!" Ndinda akapaza sauti hata waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Mkanipa dawa ya homa mkaniambia niende! Mbona hamkuniambia wakati ule, mnaniambia sasa jicho limekufa?"

Nanyama alimpa mtoto dawa, kisha akamweleza mama polepole: mboga za majani, karoti, papai, yai, maini yakipatikana. Na mboga azikaange kwa mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili hauichukui vizuri ile vitamini.

Ndinda alirudi nyumbani amekaza meno. Nyuma ya vyumba, kando ya bafu, kulikuwa na kipande cha ardhi cha kutupia taka. Alimwendea mwenye ploti, Mzee Gerishon, mzee wa kanisa lile lile alikosali yeye, akamwomba apande mboga.

"Safisha tu huo uchafu, Mama Kanini," mzee akasema. "Utakuwa umenisaidia."

Alizoa taka yeye na jirani yake Wakarima hadi mikono ikatoka malengelenge. Wakapanda terere, kunde na managu. Na siku hiyo hiyo akamwambia Muia: "Yai likiingia nyumba hii, ni la mtoto. Wewe na mimi tuna macho." Muia aliguna, lakini hakubisha.

Terere ziliota kwa fujo. Kanini alikula mboga mchana, akala jioni, hata midomo ikawa kijani. Kisha siku moja giza likiingia, Ndinda alisikia kelele nje. Kanini alikuwa akimkimbiza kuku wa jirani katikati ya kamba za nguo, wala hajigongi. Ndinda akakaa kizingitini, akalia kwa hasira na furaha pamoja.

Wiki ya Jumapili ya mavuno, Gerishon alileta vibarua. Alitaka kujenga vyumba vingine. Ndinda aliporudi kutoka mtoni kufua, alikuta mboga zote zimelala chini, mizizi juu.

"Mzee, hata kuniambia nivune?"

"Hii ni ploti, si shamba. Shamba liko kwenu Kitui."

"Na mtoto atakula nini?"

"Si kuna ugali? Watoto wangapi wamekua kwa ugali?"

Ndinda aliziokota mboga moja moja, akazijaza kwenye karai.

Jumapili kanisani watu walipeleka mbele sadaka ya mavuno: viazi, ndizi na kuku. Aliyezipokea sadaka hizo alikuwa Gerishon, katika suti yake nyeusi. Ndinda akamwaga karai miguuni pake, terere zilizonyauka zikafunika viatu vyake.

"Haya ndiyo mavuno yangu," akasema. "Aliyeyang'oa ndiye anayeyapokea." Akamwinua Kanini, akaugeuza uso wake kwa waumini, na lile jicho jeupe kila mtu akaliona.

"Huyu mwanamke analitukana kanisa!" Gerishon akafoka.

Wakarima akasimama kwenye benchi la nyuma. "Anasema kweli. Nilikuwa pale."

Pasta akaomba wimbo uanzishwe. Wakaimba.

Kabla ya wiki kwisha Gerishon aliung'oa mlango wa chumba chao. "Mdomo wako umetutoa nje," Muia alilalamika njia nzima hadi Gatwekera, Kibera, walikopata nyumba ya udongo. Ndinda alimwacha aseme. Alipanda terere tena, safari hii kwenye makopo mlangoni, na kila alikosikia mtoto ana surua alikwenda bila kualikwa, akamuuliza mama yake anampikia nini.

Gerishon alikutana na Ndinda na Kanini miaka mingi baadaye, sokoni Kawangware. Alikuwa amezeeka, akachangamka kama ndugu.

"Mama Kanini! Mtoto hajambo?"

"Muulize mwenyewe," Ndinda akasema. "Lakini zunguka upande wa kulia. Huo ulikosimama hakuoni."