Kitanda Kilichonifikisha Swima Nikiwa Nimelala

Sipendi kupita kwenye mwalo wa Swima mchana, na mkiniona nazunguka nyuma ya mashamba ya mihogo na ndoo yangu kichwani msiniulize kwa nini, maana aibu niliyoipata pale bado inanisubiri katikati ya mitumbwi, na bamama wanaouza ndagala, dagaa wetu, wakiniona wanapunguza sauti, halafu mmoja wao ananiuliza, kwa heshima kabisa, kama leo niko macho.

Mume wangu alikufa wakati wa mvua. Sitaeleza sana, yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Kilio kilipokwisha, watu wakakunja mikeka, wakafagia kiwanja, wakaenda kwao, na mimi nikarudi kulala kwenye kitanda chetu, na hapo ndipo usingizi uliponikataa. Kitanda kilikuwa cha miti ya kalitusi, matela yake ya sponji imechoka, na upande wa mume wangu (alikuwa mvuvi, mtu mzito, mwenye mabega) kulikuwa na shimo lenye umbo lake. Kila nikisinzia nilibingirika polepole mpaka ndani ya lile shimo, na nikifika mle nilishtuka, kwa sababu palikuwa baridi. Niligeuza matela, shimo likawa kilima. Niligeuka kichwa kikawa miguuni, nikaanguka chini. Nikajaribu mkeka, lakini kwetu anayelala mkekani baada ya kilio kwisha anasemwa kwamba anaita msiba mwingine, na mama mkwe alinikuta pale asubuhi moja, akanitazama tu, akatoka.

Basi mchana nilikuwa natembea kama mtu aliye chini ya maji. Sauti za watu zilinifikia zimechelewa. Siku moja nilimsalimia mbuzi wa jirani, nikasubiri anijibu.

Ndipo nikamwambia mama mkwe, "Mama, mi naenda Baraka kutafuta dawa ya usingizi." Alitikisa kichwa, akaniambia Mungu anitangulie. Sikusema hospitali, lakini sikusema kitanda pia, kwa sababu mjane akinunua kitanda watu wanaanza kuhesabu mito. Yeye akasikia hospitali, na nyumba yote ikasikia hospitali.

Fundi niliyemwendea Baraka anapanga vitanda vyake nje, kando ya barabara, na pikipiki zinapita zinavipaka vumbi. Nikaanza kuvigusa. Nikapapasa mbao, nikatikisa miguu ya kitanda, nikabonyeza matela kwa kidole kama mtu anayechagua parachichi. Fundi akaniangalia, akaacha randa yake.

"Mama, utalala na kidole?"

"Hapana, baba."

"Basi usipime na kidole. Lala. Kitanda inapimwa na mugongo."

Kulala barabarani, mchana, nimevaa kitambaa cheusi cha mjane kichwani! Nilikataa. Akasema basi sitajua, na mimi nikawaza ile safari yote, nikavua kandambili zangu nikalala, kidogo tu, macho nimeyafumba ili nisione wanaonitazama. Cha kwanza kilikuwa laini mno, kilinimeza, kikanikumbusha lile shimo. Cha pili kilikuwa kigumu mpaka nyonga ikalia. Cha tatu kilikuwa cha mbao nyekundu, vibao vyake vya chini vimepangwa karibu karibu, matela nene lakini inayokataa kuzama, na nilipojilaza mgongo wangu wote ukaguswa sawa, kama mtu amenipokea kwa mkono mmoja mrefu. Kilikuwa kikubwa, cha watu wawili. Fundi akasema cha mtu mmoja kitakuwa tayari juma lijalo. Sikuweza kungoja juma, nikalipa kile kikubwa.

Barabara ilikuwa mbovu, kwenye lori kingevunjika miguu, kwa hiyo nikakipeleka kwenye boti. Dereva wa boti (mwanaume mpole, mwenye tumbo) akakiweka juu ya magunia ya mchele na bidoni za mawese, wakakifunga kwa kamba kikiwa kizima, na matela juu yake. Nafasi ya kukaa ilikuwa imekwisha. Dereva akaniambia, "Mama, kaa kwa kitanda yako." Nikakaa. Tulipotoka kwenye ghuba, rasi ya Ubwari ikabaki upande wa kulia, ya buluu, kama kitu kilichochorwa halafu kikafutwa nusu, na jua likaanza kuchoma. Nikajinyoosha. Kidogo tu, nikasema tena. Nikajifunika kikwembe, kitenge changu cha maua, mpaka usoni kwa ajili ya jua.

Hilo ndilo kosa langu lote, ndugu zangu, kikwembe usoni.

Sijui niwaeleze vipi usingizi ule. Ziwa lilikuwa linaninyanyua na kunishusha, mota inanguruma mbali, kama iko kijiji cha pili, na kitanda kilikuwa kinatembea bila mtu kukibeba. Nilimuona mume wangu akitembea kando ya boti, maji yanamfika magotini tu ingawa pale ni kina kirefu, ameshika kasia, hasemi kitu. Nilimuuliza kama amekula. Akacheka. Tulikwenda hivyo muda mrefu, yeye majini, mimi juu, na sikutaka kufika.

Walionisimulia baadaye walisema abiria walikuwa wanashuka kijiji kwa kijiji kwa kunyata. Dereva alikuwa anawakataza kuongea. Tulipokaribia Swima, akazima mota mbali, akachukua upondo na kuanza kuisukuma boti polepole, ili mlio usiniamshe.

Sasa ninyi mnajua pwani yetu. Boti yenye watu walio hai inaingia na kelele, mota inapiga, watu wanaitana. Boti inayozima mota mbali na kusukumwa kimya, na katikati yake kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna mtu amefunikwa mpaka usoni, hiyo inatoka hospitali na haileti mgonjwa.

Wifi yangu alikuwa mwaloni anaanika ndagala. Alitambua kikwembe (ni yeye aliyenishonea), akatupa ungo, akapiga ukelele. Mwalo wote ukapokea. Mmoja akamkimbilia mama mkwe, mwingine akapiga simu Misisi, kwa kaka yangu anayechimba dhahabu, na mwenye pikipiki akapeleka habari juu barabarani. Kwaya ya kanisa ilikuwa kwenye mazoezi, ikaja nzima na ngoma yake.

Mimi nilisikia haya yote ndani ya ndoto. Nilisikia jina langu linaimbwa. Nilimsikia wifi yangu analia, "Mama Neema, weee! Nani atatupikia sombe tamu kama yako?" (Tangu niolewe hajawahi kuisifu sombe yangu ya majani ya mihogo, kila siku anasema ina chumvi.) Nikamsikia mwingine akisema sijawahi kugombana na mtu kisimani. Na nitasema ukweli wote: macho yalikuwa yameanza kufunguka chini ya kile kikwembe, nikaona mwanga unapenya kwenye maua yake, na bado nikatulia, nikingoja kusikia watasema nini tena. Ilikuwa tamu. Nilidhani ni ndoto, au nilitaka iwe ndoto, sijui.

Halafu nikasikia maji yanapigwa, na sauti ya mama mkwe.

"Mutoto wangu amekwenda, na wewe pia! Mumeniachia nani? Mumeniachia nani?"

Hiyo haikuwa sifa. Mama mkwe hakulia vile hata kwa mwanawe, siku ile alikaa kimya kama jiwe. Alikuwa ameingia ziwani na nguo zake zote, maji kifuani, akanishika mguu. Nikakaa wima.

Wamama wakakimbia. Kwaya ikakimbia, ngoma ikadondokea majini ikabaki inaelea. Dereva wa boti, ambaye alijua vizuri kwamba mi mzima na muda wote alikuwa anawaashiria watu wanyamaze, alishtushwa na kelele akaanguka majini na upondo wake. Mama mkwe peke yake hakukimbia. Alibaki ameshika mguu wangu, anaufinya.

"Iko moto," alisema. "Mama Neema, mguu yako iko moto."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nalala."

"Unatoka hospitali?"

"Hapana, mama. Natoka kwa fundi wa vitanda."

Watu walianza kurudi, mmoja mmoja, kwa tahadhari. Boti ikavutwa mchangani. Dereva akawa anajitetea mbele ya kila mtu huku anakamua shati: "Mi ningefanya nini? Mama alikuwa analala muzuri, nikaona haya kumuamusha!" Na wifi yangu, machozi hayajakauka, akakizunguka kitanda anakipima kwa macho.

"Kitanda! Tunalia huku, kumbe yeye iko ananunua kitanda! Na iko ya bantu babili. Utalala na nani humu, Mama Neema?"

Mwalo mzima ukasogea karibu kungoja jibu. Nilijua nikijibu vibaya sina tena nyumba pale, maana kiwanja ni chao, Neema wangu ameolewa mbali, na mimi niko mle kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Lakini sikuwa na uongo tayari, sijui kuutengeneza haraka. Nikamtazama mama mkwe, si wifi.

"Mama, kitanda yetu iko na shimo yake. Kila saa naanguka ndani, na yeye hayuko. Nimechoka kumutafuta kila siku. Ni hiyo tu."

Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nguo. Akaniambia, "Sogea."

Nikasogea. Akakaa kwenye kitanda changu kipya na nguo zile zilizolowa, matela ikanywa maji. Akasema kwa sauti ndogo, "Mi pia. Toka azikwe, usiku mi nahesabu tu mabati." Akaweka kichwa chini, akanyoosha miguu, na mbele ya wavuvi, wachuuzi na kwaya iliyokuwa imerudi kutafuta ngoma yake, akalala. Alikoroma hata kabla wifi yangu hajafunga mdomo.

Nikakaa mchangani karibu na kichwa chake. Waliochelewa kupata habari wakaendelea kufika na kuni na unga wa msiba, na kila aliyefika ilibidi nimweleze kwamba aliyekufa ni mimi, nipo, na huyu mama amelala tu. Kaka yangu alifika kesho yake kutoka Misisi, tope mpaka kwenye nyusi, akanikuta natwanga sombe.

"Dada, kama haujakufa, nipe chai."

Nimeapa: nikisafiri tena majini nitakaa wima, na uso wangu utakuwa wazi hata jua linibabue. Kitanda kiko nyumbani. Mama mkwe amechukua upande wa ukutani, anavuta shuka, anakoroma, miguu yake ni baridi kama samaki, na wifi yangu hajauliza tena nalala na nani.