Meza ya Nne

Chumba cha Papa kina upana wa mita mbili na nusu, na urefu wa mita tatu. Nilikipima mara tatu, nikachora sakafu kwa chaki, nikajiona mhandisi. Papa, baba yangu, alikuwa ameenda kanisani. Angekuwepo angenicheka mapema, na mambo yangeishia hapo.

Alifanya kazi relini Kalemie miaka mingi kabla hatujarudi Rwanda, nchi isiyo na reli hata moja. Tangu Maman, mkewe, afariki alikuwa akiishi nami hapa Kamembe, na kila juma alisema atakwenda kukaa peke yake kwenye shamba letu la Gitambi. Niliogopa. Mzee peke yake, magoti yale, kilima kile! Basi siku nilipoona sokoni, katikati ya viatu vya mitumba, katoni lenye treni ndogo ya umeme na reli zake, nilijua nimepata kamba ya kumfungia. Neno kamba si zuri, lakini ndilo lenyewe.

Fundi seremala alinitengenezea meza nne nyembamba za kuunganishwa kwa bulo na nati zake. Tatu zingefuata kuta. Ya nne ingekatiza mbele ya mlango, ili treni izunguke bila kusimama.

“Mulango inafungukaka ndani ao inje?” fundi aliniuliza.

“Inje,” nikamjibu, nikafurahi kwamba nimewaza kila kitu.

Siku ya kuzifunga, meza moja ilikataa kuingia. Ukuta wetu umevimba katikati, na tepu yangu haikuliona hilo. Fundi akaipiga randa ubavuni mpaka ikakubali. Tukapanga reli, tukaunganisha nyaya, na treni ikazunguka. Papa, ameketi kitandani katikati ya meza, alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nusura nilie.

Ndipo jirani akapiga hodi uani, akimwita Papa. Kwetu mgeni wa mchana unamtokea, ukampa mkono. Kumwitikia ukiwa ndani ni kumdharau. Papa akainuka, akafika kwenye meza ya nne, akasimama.

“Sasa miye nitapita wapi?”

“Unainama kidogo tu, Papa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.”

“Cha mvunguni nani anakitaka? Miye nataka cha inje.”

Alikuwa akitania, lakini hakuinama. Jirani alingoja, kisha tukasikia kandambili zake zikiondoka. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, kwa sababu nilijua meza ile sikuiweka kwa ajili ya treni.

Nikachukua spana, nikafungua bulo. Papa alishika ncha ya pili, tukaitoa meza pamoja.

“Treni ya kweli haizungukake,” alisema. “Inaenda, inafika, inarudi.”

Akapigilia kijiti kwenye kila mwisho wa reli ili treni isianguke, na mchana wote akaipeleka na kuirudisha.

Juma lililofuata aliita moto, pikipiki ya abiria, ya kumpeleka Gitambi. Sikumzuia, ingawa roho iliniuma. Mkoba ukiwa tayari begani, aliiendesha treni mpaka mwisho wa reli, karibu na mlango, akazima umeme.

“Usiiguse,” akaniambia. “Nitakuya kuirudisha miye mwenyewe.”