Propela ilipokatika Iyovi ndipo nikajua kampuni ipi ya malori inanifaa

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu nawaona.

Nakuja na kisa changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chumvi naweza kuongeza kidogo, ndivyo nilivyozaliwa, lakini nyama yenyewe ni ya kweli tupu.

Nimeona humu vijana wengi wenye leseni za malori wanauliza, "Eti kampuni fulani inamfaa dereva?" Majibu ni yale yale. Mshahara. Gari jipya. AC.

Na mimi nilikuwa huko huko.

Mimi ni mtu wa Kilosa. Kidato cha nne nimekimalizia kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mke, hadi siku ya kwanza wanafunzi wenzangu walisimama wakidhani mkaguzi ameingia.

Kazi ya magari nimeanzia Kidodi, kubeba miwa. Wanaoijua miwa ya Kidodi wananielewa. Msimu ukiwepo hulali, msimu ukiisha unakaa nyumbani mpaka kuku wa jirani wanakuzoea.

Sasa msimu umeisha, mke wangu Neema ana mimba yetu ya kwanza, kubwa, ile ya mtu kuinuka kwenye kiti kwa awamu. Nikasema hapa nitafute kampuni ya safari ndefu, kazi ya mwaka mzima.

Neema hakukataa. Alisema neno moja tu: "Siku yangu ikifika, uwepo."

Nikamwahidi nitakuwepo, hata kama niko Kongo nitakuja kwa kuogelea.

Mungu si Athumani. Kampuni mbili zikanijibu kwa mpigo.

Majina sitaji, sitaki kesi. Moja tuiite Kioo, nyingine tuiite Kutu.

Kioo ni magari mapya meupe, yanang'aa hadi nzi akitua anateleza na kuvunjika mguu. Ndani kuna kitanda, kuna friji, kuna AC ya kugandisha samaki. Interview walinifanyia Morogoro, ofisini, kwenye kiti kinachozunguka. Dada mmoja akanitwanga Kiingereza, nikamjibu kile cha masomo ya jioni, tukaishia kutabasamu wote wawili. Akasema watanipigia.

Kutu ni ya mama mmoja hapo hapo Morogoro, madereva wake wanamwita Bosi Mama. Magari yake nadhani yalihudhuria sherehe za uhuru. Kiti cha dereva kimefungwa kwa mipira ya manati. Redio hakuna, ukitaka muziki unaimba. Interview nayo hakuna. Waliniambia tu, "Mzee Mkude anatoka Dar na mzigo wa Makambako, panda naye, tuuone mkono wako."

Nikapanda, lakini moyoni nilikuwa nimeshahamia Kioo na godoro langu. Simu nimeishika mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mzee Mkude ni Mluguru mfupi, maneno yake ya kuhesabu, ameendesha malori miaka yote ya uhai wangu. Hifadhi ya Mikumi tuliipita taratibu mpaka twiga wakawa wanatuangalia kana kwamba sisi ndio watalii. Mikumi mjini tukanywa chai, akanikabidhi usukani.

"Mlima usiukimbilie," akasema. "Hauendi popote."

Wakuu, tumefika Iyovi, kile kipande cha milima na kona ukiiacha Mikumi kwenda Iringa. Nimeingiza gia nipande, nikasikia chini KAH! Kama mtu kavunja muwa kwenye goti.

Injini inanguruma, gari haliendi. Propela imekatika, ule mhimili mrefu wa chini unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.

"Breki! Shikilia breki baba, usiachie!" Mzee Mkude alishashuka na jiwe mkononi kabla sijakumbuka dini yangu. Akatega magurudumu. Tukakata matawi tukayalaza barabarani kuwaonya wenye magari.

Kisha nikakaa pembeni napiga hesabu ya bei ya propela. Kule kwenye miwa nilikozoea, kikivunjika mkononi mwako ni chako.

Mzee akampigia Bosi Mama, akaweka loudspeaker.

"Shikamoo Mzee Mkude."

"Marahaba. Propela imekatika Iyovi."

"Mko wazima?"

"Wazima."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Tulikuwa wote," akasema Mzee.

"Mzee Mkude usinizungushe! Ni huyo wa miwa, eti? Amepanda mlima kama anakimbizwa na nyuki!" Akafoka pale, nadhani hata ngedere milimani walimsikia. Halafu sauti ikashuka. "Haya. Mmekula? Fundi anatoka sasa hivi. Anakuja na wa kupokea."

Nikamuuliza Mzee, wa kupokea ndio nani?

Akanieleza. Kwao gari likilala barabarani, dereva wake haachwi alilinde peke yake hadi mwisho. Dereva mwingine aliye mapumzikoni anakuja na godoro lake, anakaa na gari, mwenye gari anakwenda kuoga, kulala, kuona wanawe. Madereva wenyewe ndio walioanzisha. Bosi Mama aligombana nao kidogo, kisha akaona bora awape na usafiri.

Nikasikia tu, sikutia maanani. Kwa sababu macho yangu yalikuwa yameona kitu mbele yetu.

Lori la Kioo! Jeupe, limeegeshwa pembeni.

Nikamwomba ruhusa Mzee, nikaenda mbio kumsalimia mwenzangu mtarajiwa.

Nilichokikuta wakuu, naomba mnivumilie.

Kamba ya nguo imefungwa kutoka kwenye kioo cha pembeni hadi kwenye mti, imeanikwa shuka, kaptula, fulana. Mafiga matatu yana majivu ya kujaza debe. Kuku mmoja kafungwa mguuni. Akapita mama mmoja na ndoo kichwani, akasema, "Mwenyekiti, za toka jana?" Na dereva akaitikia!

Jina lake Sele, mtu wa Tanga, mcheshi kupita mimi. Nikamwambia nasubiri kuitwa kazini hapo Kioo, nifundishe.

"Karibu sana, kampuni nzuri hii," akasema. "Mshahara hauchelewi. Gari unaliona mwenyewe."

"Braza, hapa uko toka lini?"

Akanionyesha shamba la mahindi ng'ambo ya barabara, mahindi yamenifika kiunoni.

"Yale unayaona? Nimesaidia kupanda."

Nikacheka hadi nikashika tairi. Naye akacheka. Spea ilikuwa inatoka nje ya nchi, kila siku wanamwambia iko bandarini.

"Sasa si ungeenda kwanza nyumbani hata kidogo?"

"Gari namwachia nani? Kikipotea kitu ni juu yangu." Akageuza shuka upande wa pili ikauke. "Shangazi aliyenilea wamemzika Muheza. Nimezika kwa video call, hapo kwenye kile kichuguu, ndipo mtandao unaposhika."

Hapo hakuna aliyecheka.

Ngoja ninywe maji, naendelea.

Narudi kwa Mzee Mkude, simu ikaita. Kioo! Dada yule yule. "Hongera, umepita. Kesho asubuhi uwe Morogoro kusaini mkataba."

Wakuu, mimi ni binadamu. Pamoja na yote niliyoyaona kwa Sele, niliruka. Nikajiambia Sele ana bahati mbaya tu, mimi gari langu halitaharibika. Gari jipya lile, liharibike kwa lipi?

Sijamaliza kuruka, simu ikaita tena. Mama mkwe.

Sasa mjue mama mkwe wangu ni Msukuma wa Msowero, ng'ombe wengi, maneno machache. Tangu nimeoa alikuwa hajawahi kunipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Neema ameanza. Tuko hospitali hapa Kilosa. Daktari anasema pengine atapasuliwa. Wanataka ndugu wa kutoa damu. Mimi wamesema nimezeeka. Uko wapi?"

"Niko Iyovi mama. Mbele ya Mikumi."

"Haya," akasema. "Mungu yupo." Akakata.

Nikakaa juu ya jiwe. Mkono wangu hawa Kutu ndio kwanza wanautazama, na mkono wenyewe umekata propela. Nikiondoka watasema kavunja gari kakimbia. Na yule mzee nimwache peke yake mlimani na mzigo wa watu? Nikawa naangalia matawi barabarani kama ndiyo yatanipa jibu.

Mzee Mkude akaniangalia. "Una nini?"

Nikamwambia.

"Na umekaa?" Ukiacha ile ya breki, ndiyo mara pekee nilisikia amepandisha sauti.

Mara pickup ya fundi ikakata kona. Akashuka jamaa mmoja mrefu wa Ifakara, Kasiani, godoro begani, hotpoti la wali mkononi. Dereva wa Kutu aliye mapumzikoni.

"Mzee shikamoo. Haya, shusha begi nikupokee, nimeambiwa hujaoga toka Dar."

"Usinipokee mimi," akasema Mzee. "Mpokee huyu."

Kasiani akanipima juu hadi chini. "Huyu si yuko kwenye majaribio?"

"Mkewe anajifungua. Na yeye anajifungua kwa majaribio?"

Kasiani alitupa godoro chini ya lori, akafungua mlango wa pickup akanisukuma ndani. Akakumbuka kitu, akanichotea wali kwenye kifuniko cha hotpoti. "Kula njiani. Ukienda kutoa damu na njaa utawaangukia."

Mzee Mkude aliyekuwa hajaona kitanda toka Dar akabaki pale mlimani ili mimi niende. Mzee niliyefahamiana naye asubuhi ile ile.

Ile pickup ikanitupa Mikumi, nikadaka bodaboda. Tukapita Ulaya, kijiji chetu cha njiani, nadhani mimi ndiye Mtanzania niliyepita Ulaya kwa kasi kuliko wote, bila pasipoti. Vumbi nililofika nalo hospitali lingetosha kujengea banda.

Mama mkwe akaniona mlangoni. Akanishika mkono, mama mkwe wangu huyo, akanivuta hadi kwa nesi. "Damu hii hapa."

Wakatoa. Jua linazama Neema akaingizwa chumba cha upasuaji, na mkono aliouachia wa mwisho ulikuwa wa kwangu.

Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Alilia kwa sauti ambayo naapa hata honi ya lori haifikii. Tukamwita Shukuru.

Asubuhi dada wa Kioo akapiga. Mbona sijafika? Nikamweleza. Nisiwe mwongo wakuu, alinipongeza vizuri, akasema naweza kwenda kesho yake. Dada wa watu hana ubaya.

Nikamwomba nimuulize swali moja. "Dada, gari langu likiharibika porini, nani anakuja kunipokea?"

"Kukupokea vipi? Dereva anakaa na gari lake."

Nikamshukuru kutoka moyoni. Nikamwambia nafasi yangu ampe mwingine.

Kisha nikampigia Bosi Mama. Kabla sijajieleza akaniuliza mtoto ana afya gani, halafu akaniuliza nani alinifundisha kupanda mlima vile. Alinifokea kwa muda wa kuchemsha maharage. Mwisho akasema propela ile ilikuwa mzee kuliko mimi, nikae na mke wangu mpaka atoke wodini, ndipo niende yadi.

Nipo Kutu mpaka leo.

Sio peponi, msije mkanilaumu. Jasho lipo. Kile kiti cha manati kimeniachia alama mgongoni, Neema anasema nimechorwa ramani ya Tanzania. Bosi Mama kufoka hajaacha. Na kuna watu Kioo inawafaa kabisa, kijana asiye na mtu wa kumsubiri, anayependa kitanda na friji, aende, atafurahi.

Ila nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kujua kama kampuni inakufaa, usiende kuitazama yadini siku ya interview, pale kila gari limeoshwa. Itafute barabarani siku gari lake limekufa. Mwangalie dereva wake anaishije pale. Ukikuta kaanza kusalimiwa na kijiji kizima kwa cheo, kaa ujiulize wewe nyumbani kwako una nani.

Mzee Mkude, najua humu huingii, lakini nikuombee maisha marefu hadi uchoke mwenyewe. Kasiani, wali ule sijasahau, ingawa ulizidisha mafuta.

Na huyo huyo Kasiani lori lake limegoma juzi mbele ya Mikumi, na mwanawe anapata kipaimara leo Ifakara. Uzi huu nauandika nimeegemea tairi lake, godoro langu chini, hotpoti pembeni. Muda huu nadhani yuko kanisani na suti.

Fundi anasema yuko njiani. Nyie mnawajua mafundi, akisema yuko njiani bado anatafuta sabuni aoge. Kwa hiyo bando ninalo na siku ni ndefu. Madereva, wake wa madereva, hata wenye makampuni, mwageni yenu hapa chini. Kwenu gari likilala, nani anakuja?