Muulize Akiwa Macho

Siku ile sijaisahau, mwanangu. Nilikuwa bi harusi wa juzi pale Masii, nina uvimbe kwenye kizazi, nimelazwa hospitalini nikingoja upasuaji. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo aliyenisindikiza ni baba mkwe. Sasa nyinyi vijana hamjui nthoni, ile heshima ya Wakamba ya kuoneana haya. Enzi zetu mke wa mwana na baba mkwe hawakutazamana usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Basi mzee alisimama mlangoni mwa wodi, amenipa mgongo.

Daktari akaja na wanafunzi wake. Akawaambia nikisikia kwamba nikishalazwa usingizi kwa dawa, kila mmoja atanipima sehemu za ndani kwa mkono, apate kujifunza. Niliogopa sana. Lakini ningeyatamkaje mambo hayo na baba mkwe yuko pale? Daktari akageukia mlango.

"Mzee, umekubali?"

"Mimi?" Hata hakugeuka. "Huo mwili mimi naujulia wapi? Muulize mwenyewe, bado ako macho."

Daktari akatabasamu. "Mzee, mficha uchi hazai."

"Ni kweli. Lakini huyu hajaonyesha, ni nyinyi mnataka kumfunua. Kwangu ukipiga hodi ukute nimelala, unarudi. Na wewe mama, jibu. Mimi naenda nje."

Akaenda, na viatu vyake nikavisikia hadi uani. Daktari akavuta kiti, akaniuliza mimi. Nikasema wewe wa kunipasua, sawa. Wanafunzi, hapana, isipokuwa msichana mmoja kati yao aliyeinamisha macho, yeye nilimwamini. Na ikawa hivyo hivyo. Nikapona, nikazaa, na leo naringa na wajukuu.

Siku hizi sheria iko: lazima uelezwe, ukubali au ukatae. Lakini sheria haitakusemea ukinyamaza. Kuuliza si ujinga, mwanangu, na haya isikufunge mdomo kama ilivyotaka kunifunga mimi. Kabla ya sindano ya usingizi uliza: nani atanigusa, wapi, na kwa nini? Nawe unayesomea udaktari, jifunze, tunakuhitaji, ila omba ruhusa kwanza. Aliyelala hajakubali, amelala tu.

Mungu akulaze salama na akuamshe salama. Na ukiamka, usiwe na jambo la kujiuliza.