Msalaba Mdogo kando ya Jina

Kama kuna mtu aliyenichosha kwa aya moja, ni Léoncie, jirani yangu wa mtaa wa Cibitoke. Daktari mzima, lakini kila alasiri yuko jikoni kwangu na karatasi yake: "Dada Khadidja, sikiliza tena." Mi nakaanga mandazi, yeye anasoma. Nikipiga mwayo kwenye sentensi, anaifuta.

Ilikuwa rezime, yaani muhtasari wa utafiti wa kipindupindu kule Buterere. Aliufanya na mchumba wake, Callixte, mpaka vita ilipomkimbiza Callixte mwaka wa tisini na tano. Hakupata hata nafasi ya kuaga. Sasa kazi yao yote ilibidi iingie kwenye aya ile: walitafuta nini, kwa njia gani, wakaona nini, kuna faida gani.

"Kitabu kizima hakuna atakayekisoma," aliniambia. "Rezime ndiyo inayosafiri. Popote alipo, itamfikia."

Profesa wake aliikubali, ila alitaka msalaba mdogo kando ya jina la Callixte. Ndivyo wanavyofanya mwandishi akiwa amekufa. Wallahi, nilitaka kwenda kumtukana! Léoncie akamjibu kwa adabu, "Apana, Profesa. Mi sijamuzika." Rezime ikaenda kuchapishwa bila msalaba.

Tukangoja. Kimya. Buterere ikajaa maji, ikakauka, ikajaa tena. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia: "We mwanamke, olewa basi!" Aliinama tu, akachukua andazi. Alimkumbuka Callixte mpaka akakonda.

Mwaka wa elfu mbili kikaja kitabu cha mkutano wa madaktari huko Kameruni, kimejaa rezime tupu. Léoncie alikuja mbio, viatu mkononi. Utafiti wa Buterere, rezime ambayo si yeye aliyeituma, na jina la kwanza, Callixte! Yuko hai! Nilipiga vigelegele hadi mandazi yakaungua. Léoncie akaweka kidole kwenye jina la pili. Lilikuwa lake, na kando yake msalaba mdogo.

Bila shaka huko alikokimbilia Callixte walimwambia mtaa wetu uliisha wote, hakubaki mtu hai.

"Miaka yote hii ananililia," akasema, na machozi yakamshuka. Mi pia nililia, nisidanganye.

Chini ya rezime kulikuwa na anwani ya Callixte. Nikamletea karatasi, nikidhani tutakesha. Aliandika kidogo, akakunja.

"Ndiyo hiyo tu? Miaka yote hii?"

Akanisomea: "Callixte, futa msalaba. Nakungoja palepale."

Safari hii sikupiga mwayo.