Sista Mpya Imetoka

Mimi sina maneno matamu, na yeyote aliyewahi kununua vitunguu kwangu sokoni atakwambia. Lakini kuna mtu mmoja nikimtaja naongea kwa upole, naye ni nesi wa chumba cha kusafisha damu, tunayemwita Sista Mpya Imetoka. Jina alilipata kwa salamu yake. Wewe unaingia miguu imevimba, uso umekunjamana, yeye anakupokea mlangoni: "Mama, kuna mpya imetoka!" Anazungumzia albamu.

Figo zangu ziligoma baada ya kunivumilia miaka yote nikibeba magunia. Siku ya kwanza waliponikalisha kwenye kile kiti kirefu cha plastiki ya kijani, wakanichoma sindano mbili mkononi, nikaona damu yangu mwenyewe inapita kwenye mipira kuelekea kwenye mashine, nilitamani kumtukana mtu. Aliyekuwa karibu ni Sista.

"Mama, unapenda kusikiliza nini?" akaniuliza huku anabandika plasta.

"Nasikiliza hiyo mashine yako inavyoninyonya."

Ala! Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hiyo ina wimbo mmoja tu, utachoka nayo," akasema, akanivisha hedifoni masikioni. Ilikuwa taarab, albamu iliyotoka wiki ileile. Mwanamke anampa mke mwenzie vidonge vyake taratibu, bila haraka, fidla zikimsindikiza. Nikasema moyoni, huyu tungekuwa naye sokoni tungeelewana. Nilipokuja kushtuka, ananichomoa sindano.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wake.

Usidhani anabahatisha. Anaishi chumba kimoja cha kupanga, na nguo zake anafua Jumamosi. Ndipo anaposikiliza albamu zilizotoka, ndoo iko chini, simu inaning'inia kwenye kamba ya nguo ndani ya mfuko wa plastiki. Hampi mtu albamu ambayo yeye hajaisikiliza mpaka mwisho. Siku moja nguo ziliisha albamu ikiwa katikati, akashusha mapazia masafi akayafua ili aimalize. Mwenye nyumba alimwona chizi.

Akija kazini anakuwa na maelezo yake. "Hii rege ni ya mtu aliyeshiba, mama, usiisikilize na njaa." "Hii jazi ni piano tupu, haina maneno, inamfaa mwenye maneno mengi kichwani. Chukua wewe." "Hii rumba magitaa yake yanabishana kama ndugu kwenye urithi, ila hawa mwishoni wanapatana." Za zamani hana. Ukimwomba wimbo wa ujana wako anakujibu, "Huo unaujua, utajiimbia mwenyewe nyumbani." Mimi niliyekuwa nasikiliza redio ya jirani tu kwa kuwa sina la kufanya, leo nabishana na wajukuu kuhusu nani kaharibu albamu yake kwa kushirikisha watu wengi. Wananiangalia kama mzuka. Namshukuru Sista hata kwa hilo.

Kiti cha jirani na changu alikaa Fundi, seremala mzee, mbishi huyo, hapigiki randa. Hakuna albamu iliyomridhisha. Wenzake tunasikiliza sauti, yeye anasikiliza mbao. "Hiyo ngoma mti mbichi," anasema. "Hilo gitaa limejazwa gundi." Nikamwambia, "Fundi, mchagua jembe si mkulima." Akanijibu, "Mama Vitunguu, wewe kalize watu sokoni, hapa tuachie wenye kazi." Tulipendana hivyohivyo.

Kuna siku Sista alichanganya nyaya. Meza moja, simu mbili, hedifoni zinafanana. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kwaya, Fundi kaandaliwa vijana wa rapu ili apate cha kubishana nacho. Nikawashiwa rapu. Kijana anaongea kama anakimbizwa na mbwa, nikawa tayari kuvua. Kumbe anasimulia habari za mama yake muuza mkaa, alivyokuwa akisema ameshiba kumbe anawaachia wanawe. Sikuvua. Nilipogeuka nikamkuta Fundi na kwaya yangu, machozi yanamshukia kwenye ndevu.

Sista alipogundua alishika kichwa. "Jamani, nisameheni!"

Fundi akajifuta kwa bega. "Wale wa sauti nzito," akasema, "wameimba kama watu waliobeba ubao mrefu, kila mmoja anamsikilizia mwenzake." Hiyo kwake ilikuwa sifa, na ya namna hiyo hatukuwahi kuisikia kwake kabla.

Kisha Fundi akaacha kuja.

Mara ya kwanza tukasema mvua. Mara ya pili hakuna aliyesema kitu, maana sisi wa viti vile tunajua. Anayeiacha mashine ameamua. Mkewe akaja peke yake, akasimama kando ya kiti kitupu, mtandio ameukamata kwa mikono miwili.

"Anasema amechoka," akatwambia. "Anasema kuchomwa leo ili aje achomwe tena, hayo siyo maisha. Hamsikilizi daktari, hawasikilizi watoto."

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikaropoka, na nikajuta palepale, kwani mama wa watu aliinama. Haikuwa hasira iliyonisemesha, ulikuwa woga. "Samahani, mwenzangu. Hebu mpigie, nipe niongee naye."

Fundi akapokea, nikamvaa. "Wewe mzee, unataka kiti chako wapewe wengine? Mimi nitagombana na nani?"

"Mama Vitunguu," akasema, sauti ndogo, "niache nipumzike."

Ile sauti ilinikata maini. Fundi asiyebisha si Fundi tunayemjua.

Sista akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka spika. Hakumbembeleza, hakumtisha. "Shikamoo, Fundi. Kuna mpya imetoka, sikiliza kidogo." Akaisogeza simu yake kwenye ile nyingine. Ilikuwa albamu ya marimba, kundi zima la wapigaji, kila mtu na yake, ndogo zinakimbia mbele, kubwa zinafuata nyuma kwa heshima. Wimbo ulipofika penye utamu, akaukata.

Tukajua ameshakata simu. Halafu tukasikia, "Mti gani huo?"

"Mimi nesi, Fundi, nitajuaje? Nyimbo zilizobaki ziko hapa kwenye kiti chako."

Hapo ndipo akakata kweli.

Zamu yetu iliyofuata akaingia ameshikwa mkono na mkewe, uso umevimba, viatu vimemshinda kavaa kandambili. Kabla hajakaa akatangaza, "Nimekuja kusikiliza. Sindano sitaki. Nikimaliza naondoka zangu."

"Sawa, Fundi," Sista akasema. Akamvisha hedifoni, akasimama pembeni na mikono nyuma.

Akasikiliza albamu yote, vifungo vya mikono ya shati amevifunga kabisa, kidole kinagonga ukingo wa kiti. Mimi na mkewe tulimwangalia kama tunasubiri majibu ya mtihani wa mtoto. Niliomba Mungu, mimi ambaye maombi yangu huwa ni bei ya vitunguu ipande.

Ikaisha. Akavua hedifoni, akaziweka mapajani.

"Zile ndogo ni mti mgumu, umekaushwa kivulini," akasema. "Aliyezichonga ana adabu. Ila ile kubwa wameiharakisha, ina ufa. Wanaipiga na ufa wake! Hawana masikio?"

"Wanayo, na ufa wameusikia," Sista akasema. "Wametangaza kwamba wanachonga nyingine. Albamu inayofuata wanarekodi na hiyo mpya, itatoka mwisho wa mwaka."

"Mwisho wa mwaka ni mbali."

"Ni mbali, Fundi."

Hakumdanganya. Fundi akaitazama mashine. Akamtazama mkewe, muda mrefu, mpaka mimi nikaona aibu nikaangalia dari. Niliposhusha macho alikuwa anafungua kifungo cha shati. Akaukunja mkono, pole pole, mpaka juu ya kiwiko, akaulaza kwenye mto.

"Haya, choma basi," akamwambia Sista. "Mbona unanitazama?"

Sista akachoma. Mikono yake ilitulia, macho ndiyo yalikuwa yamejaa. Mkewe akasema asante, nami nikasema asante, ikapokelewa kiti kwa kiti, mpaka kwa mgonjwa mgeni kule pembeni, aliyesema asante kwa nguvu kuliko wote bila kujua tunashukuru nini.