Ndugu wa Wodi ya Wanaume

Kuna watu wanaofuatilia mpira, na kuna wanaofuatilia ndoa za wenzao. Mimi nilifuatilia mashirika ya misaada. Nilikuwa na blogu. Niliishi Gitega, katika chumba cha kupanga karibu na Mushasha, mahali ambapo kengele ya kanisa iliniamsha mimi Mwislamu kwa uaminifu kuliko simu yangu, na jioni niliandika nani amegawa mbuzi, nani amechimba kisima, na nani amezindua kitu kilichokwisha kuzinduliwa mwaka uliotangulia. Wasomaji wangu walikuwa wachache. Nusu yao walikuwa wafanyakazi wa mashirika hayohayo, waliofungua ukurasa wangu kila Jumatatu kuangalia kama nimewagusa.

Miaka ile habari hazikukosekana. Amani ilikuwa imerudi, watu walikuwa wanarudi kutoka Tanzania na magodoro yao, kuku wao, na watoto wao wanaoongea Kiswahili cha redioni, na nyuma yao yalifuata magari meupe yenye antena ndefu. Sikuyachukia magari yale. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani mwenye mdomo mkali hana moyo. Nilipenda sana, na bado napenda, habari ya mtu kumsaidia mtu asiyemjua. Nilichoshindwa kukivumilia ni hotuba. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, lakini wahenga hawakuwa na wafadhili wa kuwatumia picha.

Kichekesho ni kwamba kazi nzuri kuliko zote nilizozijua sikuwahi kuiandika hata mstari mmoja, kwa sababu ilikuwa inafanyika jikoni kwa mama yangu, Muyinga, na mtu haoni kilicho jikoni kwao.

Kwetu hospitali inakupa kitanda na dawa. Kula ni kazi ya familia. Mgonjwa huja na mtu wake wa kumpikia na kumfulia, na asiye na mtu hulala akisikiliza wenzake wakitafuna. Mama yangu ni fundi cherehani. Yeye na majirani zake wachache, Waislamu wote isipokuwa Mkatoliki mmoja aliyewashinda kwa maharage, walikuwa wamejipa kazi ya kuwalisha watu hao. Hawakuwa na jina, mwenyekiti wala mhuri. Walikuwa na utaratibu mmoja tu. Nesi mmoja, akirudi nyumbani jioni, alisimama mlangoni pa mama na kusema, "Mama, kaka yako amelazwa jana, kile kitanda ya dirishani." Basi.

Mama alikuwa na kaka wawili, wote wazima wa afya, wanabadilisha pesa kule mpakani Kobero. Lakini hospitalini alikuwa na kaka wengi kuliko binti wa mfalme. Kesho yake alifunga sufuria kwa kitenge, akamwambia mlinzi anakwenda kumwona kaka yake, akaingia. Kaka mwenyewe huenda alikuwa na rozari shingoni, na dada amejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi. Mtu akiwatazama mno, mama alisema, "Baba mumoja, mama mbalimbali." Hakuna aliyedanganyika. Wodi nzima ilijua, wodi nzima ilinyamaza, na mgonjwa alikula kama mtu mwenye kwao.

Mwaka mmoja nilikuwa nyumbani kwa ajili ya Idi alipolazwa mzee mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika paja. Alikuwa amezeekea kambini Tanzania. Aliporudi kwenye kilima chao, nje kidogo ya mji, aliowaacha walikuwa wamekufa au wametawanyika, na vijana waliokuwepo hawakumjua. Sasa alikuwa chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, ndevu hazijanyolewa. Mama alipoweka sahani kando yake alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mama, samahani, mimi sijaomba chakula."

"Nani amesema umeomba?" mama akajibu. "Dada anaombwa?"

Mzee alimtazama mama, akautazama mtandio, akatazama wenzake wa kulia na kushoto, ambao ghafla walikuwa na shughuli nyingi na mashuka yao. Kisha akavuta sahani. Kuanzia siku hiyo alimwita mama "dada", na mama alimletea sabuni, wembe, na habari za mjini zisizomhusu. Nilirudi Gitega nikaandika makala ndefu kuhusu mizinga ya nyuki.

Sijui nani aliliambia shirika moja habari za sufuria ya mama. Sikuwa mimi, na yeyote anayedhani vinginevyo hamjui mama yangu. Nilichoona ni mwaliko: shirika lenye ofisi Gitega limegundua kundi la akina mama wa Muyinga, na linawaleta kwenye semina ya siku mbili ili kuwajengea uwezo. Neno walilotumia ni hilo, limegundua, kama vile mama alikuwa chemchemi ya Mto Nile. Mimi nilialikwa kama mwanablogu. Nilikwenda mbio.

Hivyo ndivyo nilivyomwona mama yangu, mtu aliyepika tangu kabla sijazaliwa, akifundishwa kunawa mikono na kijana mwenye projekta. Kulikuwa na fanta, brosheti za nyama ya mbuzi, na kalamu zenye jina la mradi. Tulijifunza maneno. Mgonjwa aliitwa mlengwa. Sufuria iliitwa pembejeo. Kijana alitufundisha kwamba mlengwa lazima aheshimiwe, asipandishiwe sauti, na ashirikishwe. Akina mama walikuwa wapole sana, upole ule wa mtu anayeangalia saa.

Mchana mama alinyanyua mkono. Kijana alifurahi, akadhani ni swali kuhusu ushirikishwaji.

"Mi nauliza," mama akasema, "saa hii kaka yangu anakula nini?"

"Oh, mama uko na mgonjwa?" kijana akasema. "Pole sana. Semina ikiisha utaenda kumuona, donc basi usijali."

Mama alikaa. Yule jirani Mkatoliki alikuwa amebaki Muyinga na sufuria, lakini mtu mmoja hawezi kuwa dada wa wodi nzima kwa siku moja. Hata uongo una mipaka yake. Kwa siku mbili, basi, wagonjwa wa Muyinga walikula nusu chakula ili wapishi wao wajifunze namna ya kuwalisha. Niliiandika sentensi hiyo kwenye simu palepale ukumbini, na niliipenda sana.

Sitawasingizia, msaada wao ulikuwa wa kweli. Walileta mchele, maharage, makaa, na sufuria mbili ambazo ungeweza kuogesha ndama ndani yake. Bibi aliyesimamia mradi alikuwa mtu mwema, alimwamkia mama kwa heshima na alikula chakula chetu hadi akaongeza. Mama naye si mjinga, mchele haukatai. Sharti lilikuwa dogo tu: mfadhili aone. Kwa hiyo zikaja fulana za kijani, na kwa kuwa shirika lilijali lugha za wenyeji, mgongoni ziliandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa: TUNAWALISHA WAGONJWA WASIO NA MTU.

Siku ya uzinduzi nilikuwepo, simu mkononi. Akina mama walivaa fulana juu ya magauni yao marefu, wakaonekana kama timu ya mpira iliyozeeka kabla ya mechi. Waliingia wodi ya wanaume kwa mstari, mpiga picha akitembea kinyumenyume mbele yao. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mzee, kile cha dirishani, akainama kuweka sahani kwenye stuli, mgongo ukiwa upande wa wodi. Wagonjwa wa kitanda cha pili na cha tatu wakasoma. Mzee hakuhitaji mgongo wa mama, kwani jirani zetu walikuwa wanainama kila mahali. Alikuwa amemaliza darasa la saba Tanzania. Niliona midomo yake ikisoma polepole mpaka neno la mwisho.

Kisha akavuta blanketi akajifunika uso.

Kijana mmoja aliyekuwa na bandeji kichwani, aliyekuwa mpwa wa jirani yetu tangu wiki iliyotangulia, alisukuma sahani. "Mi niko na bandugu," akasema. "Banakuja." Mwingine akasema ameshashiba. Mwingine akajifanya amelala, macho wazi. Wodi iliyokuwa na njaa jana yake ikawa imeshiba yote kwa dakika moja. Chakula kililiwa na walinzi, madereva na mpiga picha, nao walikisifu. Jioni bibi wa mradi alinitumia ujumbe akiniomba nimwandikie hadithi ya mafanikio, isizidi ukurasa mmoja.

Sikuandika. Nilikuwa nimekasirika mno, na nikikasirika huwa naandika vizuri, lakini safari hii kila sentensi niliyoanza ilikuwa na mama yangu ndani yake, amevaa kijani.

Siku iliyofuata mama alirudi na nguo zake za kawaida. Wengine walilegea, njaa haina kiburi cha muda mrefu, na yule kijana wa bandeji alikula akiangalia ukuta. Mzee hakula. Hakuwa mkorofi, na hapo ndipo palipouma. "Asante sana, mama," alisema. "Mungu akubariki. Wapo wasiojiweza, wape hao." Hakumwita dada tena. Mama alirudisha sufuria nyumbani ikiwa imejaa, akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Siku ya pili vilevile: asante, mama, Mungu akubariki. Nesi alikuja mlangoni jioni, hakuleta habari za kaka mpya. Alisema mfupa wa mzee hauwezi kuunga kwa maji matupu, na kwamba akiendelea hivi hatatoka pale kwa miguu yake.

Kesho yake nilimsindikiza mama. Alishika sufuria ya moto kwa kipande cha kitambaa cha kijani. Fulana alikuwa ameikata, na kwa fundi kama yeye ilitoa vishikio vinne vizuri. Alitembea haraka, bila kunisemesha. Wodini aliitua sufuria sakafuni kwa kishindo, watu wakageuka.

"We, tangu utoto uko hivi," mama akaanza, na si kwa sauti ya chini. "Kichwa ngumu kama baba. Unaambiwa usipande miti, unapanda. Leo umevunjika, nani anabeba sufuria kutoka kule chini? Ni mi. Na we unanigeuzia mugongo mbele ya bantu, unanitia haya."

Mzee alifumbua macho. Nilidhani mama amerukwa na akili. Nilikumbuka semina: mlengwa asipandishiwe sauti. Nilimvuta mkono, akaniondoa kama anayefukuza nzi.

"Mama anakufa, we uko Tanzania," akaendelea. "Nani alimuosha? Mi peke yangu. Nani alimuzika? Hukutuma hata salamu. Leo unarudi, unaniambia asante, asante, asante. Mi niko mutu wa kuambiwa asante?"

Mzee alijiinua kwa kiwiko kadiri kamba ilivyomruhusu, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona pale, uso wa mtu aliyekuwa na shamba na sauti ndani ya nyumba yake.

"Ningetuma salamu kwa nani?" akasema. "Wewe ulinitafuta? Miaka yote ile kambini, kila lori likiingia naenda kuuliza kama kuna mtu wa kwetu. Kila lori. Nimerudi nimekaa kule kilimani peke yangu, hakuna hata aliyepiga hodi. Mnakuja leo, nimeshavunjika. Mlikuwa wapi?"

Hayo hayakuwa maigizo. Mama alikuwa na maneno mengine tayari, nilimjua, lakini hakuyasema. Alibaki amesimama, amekishika kile kitambaa cha kijani kwa mikono miwili, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Hatukukutafuta," akasema mwishowe. "Nisamehe, kaka."

Mimi pia nililia, na sikujali nani ananiona. Mzee alijilaza tena taratibu. Kisha akanyoosha mkono pembeni, kiganja juu, kama mtu anayedai chake. Mama alipakua upesi, akampa sahani. Mzee alitia tonge mdomoni, akatafuna, akakunja uso.

"Maharage haya hayana chumvi," akasema.

Mama akanigeukia. "Umesikia mujomba wako? Unasimama nini? Nenda utafute chumvi."

Sikuwa nimewahi hata kusalimiana naye. "Mjomba," nikasema, "nilete na pilipili?"

"Lete," akasema bila kuniangalia, mdomo umejaa.